Waelimishaji Rika Vyuoni: Jambo Hili Latuhusu Nasi



Wengi wetu tunaokata miwa, kuchuma chai au kusimama mbele ya mashine tuna mtoto, mdogo au mpwa aliyeko chuoni. Karo tunaitoa kwa jasho. Lakini siku ya kumpandisha basi tunampa usia mfupi: soma kwa bidii, jihadhari. Ajihadhari na nini, na kwa njia gani, hatumwambii. Tunaona haya.

Mwenzetu mmoja wa shambani aliyaona matokeo ya haya hiyo. Binti yake, mwaka wa kwanza katika chuo kimoja, alikuwa na mchumba wake usiku wa Jumamosi na kondomu ikapasuka. Alimwogopa matroni, akamwogopa zaidi baba yake. Alipofika zahanati ilikuwa Ijumaa. Akaelezwa kuwa zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visishike mwilini, lakini ni lazima zianze kumezwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ndiyo bora, kisha ziendelee kila siku kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo mwisho wake ni siku 5. Yote mawili yalikwisha kumpita. Ikabaki kungoja na kurudia vipimo. Alitoka salama, lakini katika miezi ile mzee alikonda kuliko binti.

Bweni lile lilijaa wasichana, wala hakuna aliyejua habari ya saa 72. Hapo ndipo inapoanzia kazi ya mwelimishaji rika.

Huyu ni mwanafunzi kama wenziwe, aliyechaguliwa na kufundishwa na wauguzi juu ya mimba, kisonono, kaswende, UKIMWI na namna ya kutumia kondomu sawasawa. Hukaa na wenziwe bwenini au chini ya mti, hujibu maswali yaliyotiwa sandukuni bila jina, na huwasindikiza wanaoona aibu kwenda kliniki peke yao. Hatibu, hahubiri, na siri za watu hazitoi. Asiyeweza kufunga mdomo kazi hii haimfai, hata awe hodari wa darasani namna gani.

Hapa Uganda kuwaeleza vijana waziwazi si jambo geni. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza hadharani kuwa ana UKIMWI, akatumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na watu, wakiwamo wanafunzi. Akafariki Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1993 likaanza gazeti la Straight Talk, lililojibu maswali ya vijana bila kuwakemea.

Wako wazee wanaosema mafunzo haya huwafundisha watoto uasherati. Sisi hatukubali, yule binti hakupotoshwa na elimu, alikosa elimu. Lakini tusidanganyane pia. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kuwa waelimishaji rika huongeza ujuzi upesi, ila maneno peke yao hayapunguzi sana maambukizi. Ni lazima kliniki iwe karibu, iwe na dawa, na iwe wazi hata Jumapili. Chuo chenye mabango mengi na kliniki iliyofungwa kwa kufuli hakijafanya kitu.

Liko na jambo linalotugusa moja kwa moja. Kila mwaka wanafunzi huja viwandani kwetu kwa mafunzo ya kazi, na tunajua wako wasimamizi wanaodai mwili kabla ya kutia sahihi kitabu cha mwanafunzi. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, juu ya ukatili na unyanyasaji kazini, unawalinda pia walio katika mafunzo. Basi mwanafunzi akija na malalamiko ya namna hiyo, mwakilishi wa wafanyakazi amsikilize faraghani na kuyapeleka mbele siku hiyohiyo, hata kama hana kadi ya chama.