Wastani Unaweza Kukudanganya: Jua Wiki Yako ya Kawaida Inaingiza Ngapi

Ukiuliza watu wa Kilindini wanaingiza ngapi kwa wiki, majibu hayatafanana. Kuna aliyeajiriwa na mshahara wake unajulikana. Kuna kibarua wa godauni pale Shimanzi: mzigo ukiwa mwingi anapiga siku sita, ukipungua anakaa nyumbani akingoja simu. Sasa, kati ya hao wote, kipato cha kawaida ni kipi?

Wengi wetu tunakimbilia wastani. Hebu tuujaribu.

Watu watano, godauni moja

Tuseme wiki hii wapakiaji wanne wamelipwa shilingi 3,200, 3,600, 4,000 na 4,800. Wa tano ni dereva wa kreni, yeye kapata 14,400. Jumla ni 30,000. Gawanya kwa watano, wastani ni 6,000.

Lakini angalia vizuri: wanne kati ya watano hawajafika hiyo 6,000! Mtu mmoja tu ndiye ameivuta hesabu juu.

Sasa wapange kutoka mdogo hadi mkubwa, uchukue aliye katikati: 4,000. Hicho ndicho kipato cha katikati, au mediani. Nusu wako chini yake, nusu juu yake. Ndiyo maana watakwimu hupenda kukitumia wanapoeleza mishahara. Uingereza, kwa mfano, ilipopima Aprili 2024, kipato cha katikati cha wafanyakazi wa kutwa kilikuwa pauni 728 kwa wiki.

Hapa Kenya, zaidi ya watu 8 kati ya 10 walio kazini nje ya kilimo kidogo wako kwenye sekta ya jua kali. Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida mjini Mombasa kiliwekwa 16,113.75 kwa mwezi kuanzia Novemba 2024, bila marupurupu ya nyumba. Kwa wiki hiyo ni kama 3,720. Lakini kwa anayelipwa kwa siku, wiki yenye siku tatu za kazi haifiki hapo.

Fanya hesabu hii na wiki zako

1. Fungua taarifa ya miamala yako ya wiki saba zilizopita.
2. Hesabu pesa za kazi peke yake. Mkopo, zamu yako ya chama na pesa ulizotumiwa uwashikie watu si kipato.
3. Panga wiki kutoka ndogo hadi kubwa. Ya nne ndiyo wiki yako ya kawaida.

Mfano: 1,800, 2,500, 3,000, 3,500, 4,000, 6,500, 9,500. Wastani ni 4,400, lakini wiki ya kawaida ni 3,500. Ukipanga matumizi na marejesho ya mkopo kwa 4,400, utakwama wiki tano kati ya saba. Hapo ndipo mtu anakopa huku ili alipe kule, na kodi ya nyumba bado inamngoja mwisho wa mwezi.

Wiki nono ilipe wiki kavu

Ishi kwa 3,500. Ile wiki ya 9,500 itakuachia 6,000 za ziada. Wiki tatu za chini zinahitaji 1,700, 1,000 na 500 ili zifike 3,500, yaani 3,200 tu. Wiki nono moja imeziba mapengo matatu, na bado una 2,800 mkononi.

Siri ni kuiondoa hiyo ziada kwenye salio la matumizi siku ileile unayolipwa. Ihamishe kwenye akiba, uipe jina: "Kodi" au "Wiki kavu". Ikibaki kwenye salio la kawaida, itaisha na hutajua ilikwenda wapi.

Na kabla ya kubonyeza "kubali" kwenye mkopo wowote, jiulize: wiki yangu ya 1,800 itaweza kulipa hili deni? Kama jibu ni hapana, omba kiasi kidogo, au subiri.