Jino bovu na kisukari

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo nasema na wewe mwenye kisukari ambaye jino linakuuma, na majirani wamekuambia: "Mwenye sukari hatibiwi jino, kidonda chake hakiponi." Kwa neno hilo, kuna wanaokaa nyumbani na shavu limevimba. Neno hilo si kweli.

Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, mate hupungua na kinywa hukauka. Mate ndiyo yanayolinda meno, kwa hiyo meno hutoboka upesi. Fizi nazo huvimba na kutoka damu, na mfupa unaoshika jino huliwa polepole. Ndiyo maana hata jino lisilotoboka hulegea.

Tundu likifika ndani, wadudu huingia kwenye nyama laini yenye mishipa. Daktari wa meno anaweza kuitoa nyama hiyo, akasafisha ndani ya mzizi na kuuziba. Jino linabaki. Si kila zahanati ina vifaa hivyo, basi uliza kuhusu rufaa. Ikishindikana, jino hung'olewa. Mwenye kisukari anaweza kupata tiba zote mbili, ila sukari ikiwa juu, kupona huchelewa na usaha unaweza kurudi.

Tena, usaha wenyewe hupandisha sukari. Unaweza kumeza dawa zako vizuri, lakini sukari ikakataa kushuka mpaka jino litibiwe.

Sasa ufanyeje? Nenda asubuhi. Kula kwanza na tumia dawa zako kama kawaida. Ukitumia dawa bila kula, sukari inaweza kushuka ghafla. Mwambie daktari mapema: "Nina kisukari." Beba daftari lako la vipimo na dawa zako. Usimeze vidonge vilivyobaki vya jirani.

Ukiona uvimbe unashuka shingoni, una homa, au unashindwa kumeza au kupumua, usisubiri kuche. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa kila siku, piga mswaki mara 2 kwa dawa ya meno yenye floridi, na punguza sukari kwenye chai.

Mama, baba, kama jirani yako ana kisukari na ameshika shavu, mpelekee habari hii leo. Usiku mwema.

(Muziki unapanda.)