Makali, uzito na bei: kisu cha mfukoni kutoka Eburru hadi Nakuru

Anayetafuta kisu cha kukunja mjini Nakuru hahitaji kwenda mbali. Wachuuzi wa vyombo vidogo huvipanga pamoja na kufuli, tochi na vikata kucha: vyenye mpini mweusi uliochorwa joka, vyenye mpini wa chuma mtupu, vyenye kizibuo ambacho mwenyewe hatakitumia hata siku moja. Vyote vinang'aa. Mnunuzi mwenye shilingi elfu moja, tuseme mkulima wa Bahati anayetaka cha kukatia kamba za magunia na kupandikizia miche ya parachichi, anataka kisu kiwe chepesi, kiwe kikali, na makali yakae. Muuzaji atamwapia kwamba yote yamo. Hayamo, wala si kwamba muuzaji ni mwongo kupita wenzake. Mambo hayo matatu huvutana ndani ya kisu chenyewe.

Tuanze na ukali, kwa maana ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Kisu hukata kwa kukusanya nguvu ya mkono mahali padogo mno. Nyanya ukiibonyeza kwa kidole hubonyea; ukiibonyeza kwa nguvu ileile kupitia ukingo mwembamba, ngozi hupasuka. Kadiri ukingo unavyozidi kuwa mwembamba, ndivyo nguvu inayotakiwa inavyopungua. Kuvuta kisu badala ya kukikandamiza hupunguza kazi zaidi, na mama mboga anayekatakata sukuma wiki analijua hilo bila kufundishwa na mtu: kisu chake huteleza mbele na nyuma, hakishuki wima. Kwa hiyo ukali ni suala la umbo. Hata chuma duni kinaweza kunolewa kikanyoa nywele za mkono. Kitakaa hivyo kwa muda gani ni habari nyingine kabisa.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye mlima Eburru, kati ya Naivasha na Elementaita. Lava yake yenye silika nyingi ilipopoa haraka, kabla fuwele hazijapata nafasi ya kuota, iliganda ikawa obsidiani, yaani kioo cha volkano. Kuna nyeusi, kuna ya kijivu, na kuna ya kijani iliyofifia. Jiwe lisilo na fuwele halina njia za ndani za kuongoza ufa, kwa hiyo ukiligonga pembeni kwa jiwe jingine ufa husafiri kwa mkunjo laini na kipande hubanduka kikiwa na makali tayari. Chini ya hadubini ya elektroni, ukingo huo unaweza kuwa na unene wa nanomita 3 tu. Wembe mpya wa dukani ni mnene zaidi ya hapo mara kumi au zaidi. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walipasua ngozi ya panya kwa obsidiani upande mmoja na kwa kisu cha upasuaji cha chuma upande wa pili. Kwa wiki mbili za kwanza makovu ya obsidiani yalikuwa membamba zaidi, lakini kufikia siku ya 21 upana ulikuwa sawa.

Watu wa Bonde la Ufa waliujua uzuri wa kioo hicho kabla hata binadamu wa leo hajatokea. Kariandusi, ambako mwanaakiolojia Louis Leakey alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1920, kuna mashoka ya mkono ya obsidiani yaliyotengenezwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba miaka kama 300,000 iliyopita watu walikuwa wakipata obsidiani kutoka vyanzo vilivyo umbali wa kilomita 25 hadi 50 na zaidi. Tunajua hivyo kwa sababu kila mlipuko huacha mchanganyiko wake wa elementi. Mwaka 1984 watafiti Harry Merrick na Francis Brown walionyesha namna ya kukirudisha kila kipande kwenye chanzo chake kwa kupima kemia yake.

Walioipenda kuliko wote ni wafugaji wa utamaduni ambao wanaakiolojia huuita wa Elementaita, walioanza kuonekana hapa zaidi ya miaka 3000 iliyopita. Wao walitaka hasa ile ya kijani kutoka juu ya Eburru, ingawa ya kijivu ya Naivasha ilikuwa karibu. Walibandua vipande virefu, vyembamba, vyenye makali pande zote mbili, na vipande vya mlima huo vimepatikana hadi Gogo Falls, karibu na Ziwa Victoria, umbali wa kilomita 200 hivi. Katika pango la Mto Njoro, lililochimbwa na akina Leakey mwaka 1938, visu hivyo vilikuwa pamoja na mabakuli ya mawe, shanga na mabaki ya maiti zilizochomwa. Asiye na muda wa kwenda mlimani anaweza kuona obsidiani katika jumba la makumbusho la Hyrax Hill, hapo hapo Nakuru. (Aangalie tu, asiokote kwenye eneo la kale: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakataza.)

Sasa tazama hesabu ya wafugaji hao. Sentimita moja ya ujazo ya obsidiani ina gramu 2.4, ya chuma ina 7.8. Kisu cha kioo kina uzito usiofikia theluthi ya kile cha chuma cha ukubwa uleule, ni kikali kukishinda, na kinapatikana kwa anayejua kugonga. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: hakivumilii. Kikigusa mfupa kinamegeka, kikipindwa kidogo kinakatika. Hakuna haja ya kukinoa maana hakinoleki kama chuma, unabandua kingine. Wawindaji waliowatangulia wafugaji hao, wale wa Gamble's Cave karibu na Elementaita, walitengeneza vipande vidogo vyenye mgongo uliofanywa butu makusudi ili vishikike vizuri katika mpini. Kipande kikiisha, kinatolewa na kuwekwa kingine, mpini unabaki. Hesabu hiyo ndiyo ya kisu cha kukatia katoni chenye wembe wa kuvunjwa ncha, na ukiniuliza mimi, mtu anayekata katoni, kamba na plastiki tu hana sababu ya kununua kingine chochote.

Chuma kilishinda kwa sababu kinajua kupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Lakini ndani yake mvutano ni uleule. Ukikifanya kigumu sana, makali yanakaa ila yanamegeka. Ukikifanya laini, hakimegeki ila ukingo unalala upande. Kinachoamua ni kaboni na moto. Chuma chenye kaboni ya kutosha hupashwa joto hadi karibu nyuzi 800, au zaidi kidogo kulingana na aina yake, kisha huzimishwa ghafla kwenye mafuta au maji. Atomi za kaboni hunaswa ndani kabla hazijatoroka, na chuma huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kisha hupashwa tena polepole, karibu nyuzi 200, ili kilegee kiasi. Fundi wa jua kali anayefua sime kutoka springi ya lori anafanya kazi hiyohiyo kwa jicho, akiangalia rangi ya moto. Springi ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi na imeundwa kuvumilia mashimo ya barabara, ndiyo maana visu vyake havikatiki ovyo.

Kisu cha kiwandani kimeyaficha yote hayo ndani ya mng'aro. Maandishi ya Kiingereza yanayosema hakishiki kutu yanamaanisha tu kwamba kina kromiamu ya kutosha, asilimia 10.5 na kuendelea. Kuhusu ugumu hayasemi lolote. Afadhali utafute namba ya chuma karibu na mpini. Katika mtindo wa Kichina, tarakimu ya kwanza ni kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia: 3Cr13 ina kaboni ya 0.3 hivi, nayo itakuwa butu upesi. 5Cr15MoV ina 0.5, inatosha jikoni. 8Cr13MoV ina 0.8, na kwa bei ya chini ni vigumu kupata bora kuliko hiyo. Kisu kisicho na namba yoyote huenda ni kizuri, ila hapo unanunua uso. Na hata chuma kizuri huumizwa na vitu laini. Mwaka 2020 watafiti wa MIT walinyoa ndevu kwa nyembe na kuzitazama chini ya hadubini: unywele, ambao ni laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, unaweza kuumega ukingo pale chuma kisipokuwa na muundo sawa kila mahali.

Kuhusu uzito, watu wengi hutazama bapa na kumbe uzito uko kwenye mpini. Bapa la sentimita 7 kwa 2, lenye unene wa milimita 2, lina gramu 22 kabla ya kuchongwa. Mpini wenye bamba mbili za chuma za sentimita 10 kwa 2.2, kila moja milimita 1.5, unaongeza gramu 50 na ushee, nazo hazikati kitu. Kwa hiyo mpini wa mbao au wa plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo ndio wa kutafuta. Kisu cha Opinel namba 8 cha Ufaransa, aina iliyoanza mwaka 1890, kina mpini wa mbao mtupu na hakizidi gramu 50 sana. Okapi, kilichoanza kufuliwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika na kupewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, nacho ni mbao na chuma cha kaboni. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Vyote viwili ni visu vya kazi, na mimi naona huo ndio uzuri wao. Chuma cha kaboni kitashika kutu ukikiacha na maji ya embe, basi kipanguse.

Mbele ya mchuuzi, kifungue, kishike mpini, kisha usukume bapa kushoto na kulia kwa vidole. Likicheza leo, baada ya mwezi litayumba. Kama kina komeo, kikandamize mgongo wake dhidi ya meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Likiachia, kirudishe mahali pake. Kitazame kutoka kwenye ncha: bapa nene mpaka karibu na makali litapasua karoti badala ya kuikata, hata likinolewa vipi. Na tusisahau tuko wapi. Nakuru iliyaona machafuko ya baada ya uchaguzi, Januari 2008, na Sheria ya Utulivu wa Umma haikubali silaha kwenye mikutano ya hadhara. Kisu cha kazi kiende na kazi, mkutanoni kibaki nyumbani.

Kama bajeti ni elfu moja, isiishie yote kwenye kisu. Weka sehemu ya jiwe la kunolea lenye pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mmoja laini. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2, mgongo ukiinuka milimita 7 juu ya jiwe unapata pembe ya nyuzi 20. Ukiinuka milimita 5, unapata 15, kali zaidi lakini dhaifu. Noa upande mmoja mpaka kidole kihisi kijiukingo cha chuma kimejikunja upande wa pili, geuza, kisha malizia kwa kuburuta kinyumenyume kwenye mshipi wa ngozi. Grenda ya umeme ni ya haraka, ila ukingo mwembamba hupata moto kwa sekunde chache na lile joto la nyuzi 200 hupitwa. Ukiona mstari wa samawati kwenye makali, hapo chuma kimekwisha kulegea, na hakuna jiwe litakalokirudisha: sehemu hiyo inabidi iondolewe yote, polepole na kwa maji, hadi ufike kwenye chuma ambacho hakijaungua.