Marimba Makubwa Katika Ndege Ndogo

Mzigo mkubwa kupita kiasi hukutana na milango kadhaa kabla ya kuruka: mdomo wa mashine ya eksirei, kabati lililo juu ya kiti, na mlango wa sehemu ya shehena. Kilo ndizo zinazozungumzwa sana kwa sababu ndizo zinazolipiwa, lakini kinachoukwamisha mzigo mara nyingi ni urefu na upana wake. Kilo zikizidi, abiria hutoa hela na safari ikaendelea. Kitu kisichoenea mlangoni hakipiti, hata kikilipiwa mara mbili.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulieleza jambo hili. Uwanja wake wa mjini unatumiwa sana na ndege za injini za pangaboi, zikiwamo Bombardier Q400 ya Air Tanzania yenye viti 76 na ATR za Precision Air. Makabati ya ndani ya ndege hizo ni madogo, na abiria huiendea ndege kwa miguu wakapanda ngazi. Wakati huohuo wasafiri wake wana mizigo ya kila namna: runinga zilizonunuliwa Kariakoo, vigari vya watoto, viti vya magurudumu, na vyombo vya muziki wa Kigogo. Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma aliyefariki mwaka 2003, alizunguka Ulaya na Japani akipiga zeze na marimba, na baadhi ya marimba yake yalikuwa makubwa kiasi cha kutobebeka kwapani. Vikundi vya ngoma vya Chamwino vinavyoalikwa nje leo vinaifuata njia hiyohiyo. Marimba yanafaa kuwa mfano kwa sababu yana mbao na vyuma, ni mapana, na yanaharibika upesi.

Kazi huanzia nyumbani, kwa futi kamba. Kampuni nyingi za ndege hujumlisha urefu, upana na kimo cha begi, na jumla hiyo isizidi sentimita 158. Uzito wa kawaida wa begi moja la kukabidhi ni kilo 23, na kampuni nyingi hazipokei furushi moja linalozidi kilo 32, kwani lina binadamu wa kulinyanyua, naye ana mgongo. Mzigo wa mkononi kwa kawaida ni kilo 7, wenye vipimo vinavyokaribia sentimita 55 kwa 35 kwa 25. Runinga ya inchi 55 ina kioo chenye upana wa takribani sentimita 122 na kimo cha sentimita 69. Imeshavuka 158 hata kabla ya kuhesabu boksi lake.

Baada ya kupima, abiria huipigia kampuni simu na kuuliza aina ya ndege, maana jina la kampuni peke yake halitoshi. Cessna Caravan, inayotumiwa sana katika safari fupi za ndani, hubeba mizigo katika kihori kilicho chini ya tumbo lake, na kampuni nyingi zinazoirusha hutaka begi laini lisilozidi kilo 15. Sanduku gumu la marimba lililopokelewa Dar es Salaam kwenye ndege kubwa linaweza kukataliwa kabisa kwenye ndege hiyo ndogo. Vipimo hivi vingestahili kuandikwa kwa Kiswahili kwenye kila tiketi inayouzwa nchini, kwa herufi zinazosomeka.

Katika viwanja vya Tanzania ukaguzi wa kwanza uko mlangoni, kabla ya kaunta. Mashine ndogo za eksirei zina tundu la takribani sentimita 60 kwa 40, na kubwa hufikia mita moja kwa mita moja. Miali yake hupenya vitu kwa viwango tofauti, na kompyuta huvipaka rangi: mbao, nguo na chakula huonekana vya rangi ya chungwa, chuma huonekana cha bluu, na vilivyo katikati huwa vya kijani. Marimba ya Kigogo yakipita humo, afisa huona boksi la chungwa lenye safu za fito za bluu zilizopangwa sambamba. Asiyewahi kuyaona ana kila sababu ya kusimamisha mkanda na kuomba lifunguliwe. Huko si kudhulumiwa. Ni kazi yake.

Kitu kisichoenea kwenye tundu hukaguliwa kwa mkono mbele ya mwenyewe. Afisa hufungua, hupapasa, na panapokuwa na kifaa hicho hupangusa kwa kitambaa kidogo kinachotiwa kwenye mashine ya kunusa chembe za baruti. Mbolea yenye naitreti inaweza kuiamsha kengele ya mashine hiyo, kwa hiyo boksi lililokaa stoo pamoja na mifuko ya mbolea lipanguswe vizuri kabla ya safari.

Hapa ndipo mwanamuziki anapopaswa kufumbua kinywa. Uso wa marimba ya Kigogo una tundu lililozibwa kwa utando mwembamba unaotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Utando huo ndio unaoipa sauti mvumo wake wa kukwaruza, na kidole kimoja kikiutoboa mvumo umekwisha. Maneno machache yanatosha: “Samahani afande, hapo kuna utando, usipaguse, shika pembeni.” Sanduku la vifungo au mikanda hufunguka na kufungika dakika hiyohiyo, ilhali lililopigiliwa misumari litabanduliwa, na nani atalipigilia tena pale? Ngozi ya ngoma nayo huzua maswali. Ya mbuzi au ng’ombe iliyokauka vizuri mara nyingi haina shida ndani ya nchi, lakini nchi nyingine hudai cheti cha daktari wa mifugo. Ya kenge iko chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuivusha mpaka kunahitaji kibali.

Kaunta hupima, hutoza na kufunga lebo. Jambo la kuangalia ni herufi tatu kubwa za lebo hiyo: DOD ni Dodoma, DAR ni Dar es Salaam. Anayekwenda ng’ambo akiona DAR tu, ajue mzigo utaishia hapo, atauchukua na kuupeleka upya kwenye ukaguzi wa safari za kimataifa. Kwa kitu dhaifu, baadhi ya kampuni humtaka abiria asaini karatasi inayopunguza dhamana yao. Inafaa kusomwa kabla ya kalamu kushikwa.

Ukaguzi wa pili, wa kuingia sehemu ya kusubiria, unahusu mzigo wa mkononi. Nyundo ya kurekebishia sauti ya marimba hairuhusiwi kupita. Mahali pake ni kwenye begi la kukabidhi. Mvinyo wa Dodoma nao, kwa safari za kimataifa, hauvuki kwenye chupa inayozidi mililita 100. Ukifungwa vizuri ndani ya begi kubwa hauna tatizo la usalama, kwa kuwa kilevi chake hakifiki asilimia 24.

Kisha ni getini. Kabati la Q400 au ATR halimezi sanduku la magurudumu ambalo ndege kubwa zaidi hulipokea bila maneno, kwa hiyo mfanyakazi husimama getini au chini ya ngazi, hufunga lebo kwenye begi, hukata kipande na kumpa abiria. Begi hupelekwa moja kwa moja kwenye shehena. Abiria aulize papo hapo litarudishwa wapi: chini ya ngazi au kwenye mkanda wa mizigo. Vigari vya watoto na viti vya magurudumu hufuata utaratibu huu, na mwenye kiti cha betri hutakiwa kutoa taarifa mapema, mara nyingi saa 48 kabla.

Haraka ya getini ndiyo yenye hatari kubwa kuliko hatua zote. Begi lililopangwa kukaa na mwenyewe lina pawabenki, betri za ziada, dawa na hati, na dakika hiyo linakwenda shehena. Pawabenki na betri za ziada lazima zitolewe, bila kujadiliana. Betri ya lithiamu ikipata hitilafu hujichemsha yenyewe mpaka ikalipuka moto. Kwenye sehemu ya abiria wahudumu huona moshi na kuipoza kwa maji, lakini shehenani hakuna wa kuiona. Inayoruhusiwa mkononi bila kibali ni ile isiyozidi saa-wati 100, na pawabenki ya kawaida ya mAh 20,000 ina saa-wati 74 hivi. Afadhali viwekwe tangu nyumbani kwenye kifuko kimoja cha juu, kinachochomoka kwa mkono mmoja.

Mzigo uliopokelewa bado unaweza kubaki uwanjani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa jua kali hewa ya uwanda wa kati huwa nyepesi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, injini nazo hupungukiwa, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili iruke. Rubani akikuta hesabu haikubali, hupunguza uzito, na mabegi yanaweza kufuata kwa ndege nyingine. Uwanja mpya wa kimataifa wa Dodoma, wa Msalato, uliowekewa jiwe la msingi Oktoba 2022, umesanifiwa kuwa na njia ya kurukia ya mita 3,600 kwa ajili ya ndege kubwa zaidi. Ngoma ya muheme au runinga inayosafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma tu ina njia nyingine: basi, au treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nayo ikiwa na ukaguzi na vipimo vyake.

Chombo kikifika kimevunjika, taarifa iandikwe kwenye ofisi ya mizigo kabla ya kutoka uwanjani. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama, unampa abiria siku 7 za kulalamikia kwa maandishi mzigo ulioharibika, na siku 21 kwa uliocheleweshwa, zikihesabiwa tangu alipoupokea. Tangu Desemba 28, 2024, ukomo wa fidia ni vizio 1,519 vya SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kwa kila abiria. Ni kama dola 2,000 za Marekani. Kampuni inaweza kujitetea kwamba ubovu ulikuwa wa kitu chenyewe, kwa hiyo picha za marimba, utando wake ukiwa mzima, zipigwe kabla sanduku halijafungwa. Mwenye chombo cha thamani kubwa kuliko ukomo huo anaruhusiwa kuitangaza thamani yake kaunta wakati wa kukabidhi na kulipa nyongeza inapotakiwa, na ukomo wa fidia hupanda kufikia thamani aliyoitangaza.