Gari lisilo na dereva likigonga, nani ashitakiwe?

Na Mwandishi Wetu

BARABARA kuu itokayo Uyole, Mbeya, kwenda mpakani Kasumulu hupita Tukuyu, wilayani Rungwe, katika kona, miteremko na ukungu. Ajali ikitokea huko, askari wa usalama barabarani huanza na swali moja: dereva ni nani? Kwa mkazi wa Ibighi aliyegongwa, jibu lake ndilo mwanzo wa safari ya kudai fidia.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa ikimchukulia dereva kuwa ni binadamu. Dereva mzembe hushitakiwa kwa jinai. Katika madai, mwathirika anaweza pia kumdai mwajiri wa dereva aliyekuwa kazini, na bima ya lazima ya mtu wa tatu ipo kwa ajili yake. Madai ya namna hiyo hufunguliwa ndani ya miaka mitatu.

Je, usukani ukishikwa na kompyuta?

Machi 2018, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huko Arizona, Marekani. Waendesha mashitaka waliona hakuna msingi wa kuishitaki kampuni kwa jinai. Aliyeshitakiwa ni msimamizi aliyekaa kwenye usukani, ambaye mwaka 2023 alikiri kosa na kuwekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu.

Mambo yalikuwa tofauti Agosti 2025. Mahakama mjini Miami iliigawia Tesla asilimia 33 ya lawama ya ajali iliyoua mwaka 2019, ingawa dereva naye alikuwa na makosa. Kampuni iliamriwa kulipa zaidi ya Dola milioni 240.

Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2018, ilichagua njia nyingine: kampuni ya bima humlipa majeruhi kwanza, kisha yenyewe humdai mtengenezaji.

Nchini, baadhi ya magari yaliyotumika kutoka Japani huja na mitambo ya kujifungia breki. Hiyo ni misaada tu; wajibu hubaki kwa dereva.

Yatakapokuja yanayojiendesha kabisa, ushahidi utakuwa ndani ya kompyuta iliyotengenezwa ng'ambo. Kumtaka mkulima wa Ibighi athibitishe kasoro yake ni sawa na kumnyima fidia. Ndiyo maana sheria inapaswa kutamka mapema nani ahesabiwe dereva, na nani alipe kwanza.