Mtoto Ameshiba Maji

Ndugu msomaji, chukua bilauri moja uijaze maji. Itazame vizuri. Tumbo la mtoto wa miezi minane halipokei zaidi ya kiasi hicho kwa mlo mmoja. Ukizidisha atatapika, au atageuza uso na kufunga mdomo. Sasa jiulize: nafasi hiyo ndogo utaijaza kitu gani?

Katika nyumba nyingi za vijijini nafasi hiyo hujazwa uji. Tena uji wenyewe ni mwepesi, wa kunywa kwa kikombe. Mama hutia maji mengi na unga wa mahindi kidogo. Huongeza chumvi au sukari, hupoza, humpa mtoto. Mtoto hunywa mpaka tumbo linakuwa gumu kama ngoma. Mama hufurahi kwamba mwanawe ameshiba. Huchukua jembe na kwenda shambani.

Lakini katika bilauri ile mlikuwa na nini? Unga haukuzidi vijiko viwili. Kilichobaki ni maji. Mtoto ameshiba maji, na baada ya saa moja atalia tena.

Miezi sita ya kwanza

Mtoto anapozaliwa hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama. Hahitaji maji, hata wakati wa jua kali. Hahitaji maji ya mchele wala dawa ya majani ya kutuliza tumbo. Zamani wataalamu walisema mtoto aanzishiwe chakula akiwa na miezi minne hadi sita. Wazazi wa miaka ya 1970 na 1980 walifundishwa hivyo, na mpaka leo wengine huwaambia hivyo binti zao. Usigombane na mama yako. Mweleze kwa upole kwamba tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri miezi sita kamili, na kliniki zetu hufundisha hivyo hivyo.

Akitimiza miezi sita mambo hubadilika. Aendelee kunyonya mpaka atimize miaka miwili au zaidi, lakini maziwa peke yake hayamtoshi tena. Amekuwa mkubwa. Tena mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini, na madini hayo ndiyo hutengeneza damu. Kufikia miezi sita akiba hiyo imekaribia kwisha. Maziwa ya mama yana madini hayo kidogo sana, na uji wa mahindi mtupu hauwezi kuijaza akiba hiyo.

Je, amebemendwa?

Tuseme mtoto wako alikuwa mnene na mchangamfu. Kila mwezi mstari katika kadi yake ya kliniki ulikuwa ukipanda. Ukamwanzishia uji. Mwezi wa nane mstari umelala. Mwezi wa kumi umeanza kushuka. Mikono imekuwa myembamba. Hachezi, analialia tu. Majirani wananong'ona. Siku moja bibi yake anakuita pembeni na kusema, "Mwanangu, huyu mtoto mmembemenda."

Neno hilo linauma. Maana yake ni kwamba wazazi wamekutana kabla ya wakati wake, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, au mama amepata mimba nyingine wakati mtoto bado ananyonya. Basi mama huona aibu. Siku ya kliniki haendi, anaogopa macho ya wenzake. Mtoto humfunika kwa khanga. Baba naye humtazama mkewe kwa mashaka. Hutafutwa dawa ya kubemendwa, na siku zote hizo mtoto anaendelea kunywa uji ule ule wa maji.

Mama, nenda kliniki. Muuguzi anayeijua kazi yake hatakuuliza habari za chumbani kwako. Atakuuliza, "Mama, jana mtoto alikula nini? Alikula mara ngapi?" Jibu la kweli la swali hilo litamsaidia mtoto kuliko hirizi.

Hata hivyo wazee wetu hawakuwa vipofu. Waliona kwamba mama akishika mimba mapema, mtoto wa mgongoni mara nyingi hudhoofika. Waliona jambo la kweli. Lakini mtoto huyo hudhoofika kwa sababu ameachishwa ziwa ghafla, na mahali pa ziwa pamewekwa uji mwepesi. Mama mjamzito aliye mzima anaweza kuendelea kunyonyesha, ila naye ale vizuri. Maziwa yake hayageuki sumu.

Jambo hili halikuonekana kwetu tu. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1933 aliandika habari za watoto wa huko waliovimba miguu, ngozi ikabanduka, nywele zikabadilika rangi. Chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi. Waga, ambao ni wenyeji wa huko, waliuita ugonjwa huo kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake alipozaliwa. Sisi tunauita unyafuzi. Waga walimtaja mdogo anayekuja. Sisi tuliwanyooshea wazazi kidole, na aibu hiyo imewaficha watoto wengi ndani ya nyumba.

Uji wa mtoto

Chota uji kwa kijiko, kisha kiinamishe. Ukimwagika mara moja kama maji, bado ni mwepesi. Ukikaa kijikoni na kudondoka polepole, huo ndio uji wa mtoto. Mlishe kwa kikombe na kijiko. Chupa ya kunyonyea ni vigumu kuisafisha, nayo huleta kuhara.

Uji huo usiwe wa unga mtupu. Kaanga karanga, zitwange mpaka ziwe laini kabisa, tia kijiko kimoja. Karanga nzima usimpe, zitamkaba. Kama una maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi, yachemshe, kisha pikia uji. Kama uko karibu na ziwa au gulio lenye dagaa, wachague, waoshe mchanga, wakaushe tena vizuri, watwange wawe unga. Kijiko kimoja cha unga wa dagaa kina faida kubwa, nao ni bei nafuu kuliko nyama. Maharage yaliyoiva sana yapondwe na kuchujwa maganda. Mchicha, matembele, papai, embe na viazi vitamu vya njano navyo vina mahali pake. Wanaokula ndizi waponde ndizi pamoja na maharage au maziwa. Wanaotegemea muhogo wajihadhari zaidi ya wote, maana muhogo hushibisha sana lakini hujenga mwili kidogo mno.

Siku hizi kuna unga unaouzwa kwa jina la unga wa lishe. Wengine hujisifu kwamba umechanganywa nafaka saba. Mimi sioni faida ya mahindi, mtama, uwele, ngano na mchele kukutana katika mfuko mmoja. Zote hizo ni ndugu wa nyumba moja. Nafaka moja inatosha, kisha tafuta mgeni wa nyumba nyingine: karanga, maharage, dagaa, yai. Tena soya ikisagwa mbichi humsumbua mtoto, tumbo halisagi chakula vizuri.

Kitu kimoja zaidi. Mahindi na karanga zenye ukungu usimpe mtoto, hata ukizichambua na kuziosha. Ukungu huo hutoa sumukuvu, nayo haitoki kwa kupika. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua kwa sumu hiyo na wengine walikufa.

Kimea

Huenda utasema, "Uji mzito mtoto wangu hawezi kuumeza." Ni kweli, watoto wengine hukataa. Basi tumia kimea. Wapika pombe wanakijua sana, ila hapa hatupiki pombe.

Loweka ulezi usiku mmoja. Asubuhi umwage maji, uutandaze ulezi na kuufunika kwa kitambaa safi chenye unyevu. Baada ya siku mbili au tatu utachipua. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, upekeche machipukizi yatoke, upepete, usage. Ukiona ukungu, utupe wote. Tumia ulezi, usitumie mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu.

Sasa pika uji mzito kabisa, karibu uwe ugali laini. Epua, upoe kidogo. Tia kijiko kimoja kidogo cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache utaona uji unalainika mbele ya macho yako, na hukuongeza hata tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena kidogo, kisha umpe mtoto ukiwa vuguvugu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa hapa Tanzania walieleza jinsi ya kutumia kimea katika chakula cha watoto. Ni ujuzi wa bibi zetu uliohamishwa kutoka mtungi wa pombe.

Nani atamlisha?

Anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku. Ongeza polepole. Kufikia miezi minane ale nusu kikombe kikubwa, mara mbili au tatu. Kuanzia miezi tisa ale mara tatu au nne. Akipita mwaka mmoja apate robo tatu ya kikombe au kikombe kizima, mara tatu au nne, na katikati apewe ndizi mbivu au kitu kingine kidogo. Siku zote hizo anaendelea kunyonya.

Mara nne! Mama anayesoma hapa pengine anacheka. Wakati wa palizi anaondoka alfajiri na kurudi jua limetua. Mtoto ameachiwa dada yake wa miaka saba na uji uliopoa. Hapo pana shida kubwa kuliko ya unga. Katika mkoa wa Iringa, mwaka 1983, Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani walianza mpango wa lishe katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila miezi mitatu, na kamati za vijiji zilijadili matokeo. Wanakijiji wakaona kwamba watoto wengi walikuwa wakila mara chache mno, kwa sababu mama zao walielemewa na kazi. Vijiji vikaanzisha mahali pa kulea na kulisha watoto wakati wazazi wako shambani.

Kijiji chako kinaweza kujadili jambo hili katika mkutano wake. Wakati mnasubiri mkutano, baba, uko wapi? Kuchota maji ya asubuhi hakukupunguzii heshima. Mtoto akipelekwa shambani na chakula chake, wewe pia unaweza kukaa chini ya mwembe na kumlisha kijiko kwa kijiko. Mpe bakuli lake mwenyewe. Akila katika sinia moja na kaka zake, hataweza kushindana nao. Nawa mikono yako na yake kwa sabuni kwanza. Chai usimpe, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Na yale mayai je? Sehemu nyingine watu husema mtoto akila mayai atakuwa mwizi, au hataota nywele. Basi mayai hupelekwa gulioni, na fedha zake hununua soda na biskuti za mtoto yule yule! Kuku wako akitaga, baba, yai moja lichemshwe liive, lipondwe, atiliwe mtoto katika uji.

Mtoto akiugua, usimpunguzie chakula. Mnyonyeshe zaidi, mpe kidogo kidogo mara nyingi, na akipona mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Zahanati na wahudumu wa afya wana mkanda wa kupimia mkono wa mtoto kuanzia miezi sita. Ukiangukia rangi ya njano, mtoto amedhoofika. Ukiangukia nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, yuko hatarini. Bonyeza pia miguu yake yote miwili kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, kisha achia. Shimo likibaki, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.