Ndege nyuki na mchanga unaohama: mita 60 za hifadhi hupimwa kutoka wapi?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, pamoja na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa na ukingo wa mto. Katazo hilo linamhusu mwenye kiwanja kando ya bahari jijini Dar es Salaam kama linavyomhusu mkulima wa Lusewa, mkoani Ruvuma, mwenye shamba kandokando ya mto. Utekelezaji wake, hata hivyo, unahitaji kwanza kufahamika ukingo uko wapi leo, kwa kuwa mchanga huhama.

Matuta ya mchanga yaliyo nyuma ya ufukwe ni mithili ya ghala. Mawimbi makali huchukua mchanga. Bahari inapotulia huurudisha, na upepo hupeperusha ule mkavu hadi kwenye majani na mivinje inayoushika. Mchanga ukichimbwa au mimea ikifyekwa, ghala hupungua na bahari husogea. Kisiwa cha Maziwe, jirani na Pangani, kilikuwa na miti na mazalia ya kasa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa.

Tuta moja linaweza kufuatiliwa kwa alama za kawaida. Tuta jeusi la majivu ya volkano lililo karibu na Bonde la Olduvai, Ngorongoro, husogea takriban mita 17 kwa mwaka, na mwendo wake huonekana kwa nguzo zilizosimikwa ardhini. Ufukwe wenye urefu wa kilomita kadhaa, ambao hulika upande mmoja na kujaa upande mwingine, huhitaji kupimwa wote kwa pamoja. Hapo ndipo ndege nyuki, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, inapofaa.

Ndege hiyo hupita kwa mistari sambamba ikipiga picha zinazofunikana kwa sehemu kubwa. Kabla ya kuruka, wapimaji huweka ardhini alama ambazo mahali pake na kimo chake vinajulikana. Programu ya kompyuta hulinganisha picha, kisha hutengeneza ramani na umbo la ardhi lenye vimo. Upimaji ukirudiwa, umbo la awali hulinganishwa na jipya, na hesabu huonesha mita za ujazo za mchanga zilizopotea au kuongezeka.

Tanzania ina uzoefu wa kazi hiyo. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia zilishirikiana kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege nyuki, wakiwemo wanafunzi waliofundishwa kuzirusha. Picha za aina hiyo huwa kumbukumbu ya kulinganishia vipimo vya baadaye.

Vipimo hivyo vina masharti yake. Fukwe nyingi hubadilika kati ya kaskazi na kusi, hivyo picha za Januari hazilinganishwi na za Julai kisha mabadiliko yakatajwa kuwa ya kudumu. Urukaji hufanyika maji yakiwa yamekupwa. Aidha, kamera haioni ardhi iliyo chini ya mimea minene, na mchanga mweupe usio na alama huipa programu shida ya kuoanisha picha.

Mwananchi anayetaka kununua au kuendeleza ardhi ya ufukweni anapaswa kuuliza upimaji ulifanyika lini na katika msimu gani, na kupata ufafanuzi wa mita 60 kutoka ofisi ya ardhi ya halmashauri au Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Picha ya ndege nyuki pekee haibadilishi mpaka wa kiwanja uliosajiliwa. Vilevile, anayetaka kurusha ndege hiyo hutakiwa kwanza kupata vibali vya mamlaka husika, ikiwemo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Kwa wakazi wa bara, suala hili si la pwani pekee. Mto Ruvuma, unaoanzia milima ya Matogoro, Songea, hubeba mchanga hadi Bahari ya Hindi. Kingo zinazolindwa juu ya mto ni sehemu ya ulinzi wa ufukwe ulioko mdomoni mwake.